Subiri Kwanza

Swali langu ni la maadili ingawa limetoka maabara. Anayetangulia ana deni gani kwa yule aliyeambiwa asubiri ili yeye atangulie? Nimekuwa nalo tangu nianze shahada ya uzamili, kwa sababu protini ninayoisoma, ukiondoa mapambo yote ya kitaalamu, inasema neno moja tu: subiri.

Inaitwa Notch. Kwa Kiingereza ni pengo, kama lile la ukingo wa panga lililogonga jiwe. Miaka ya 1910 watafiti wa Marekani waliofanya kazi na Thomas Hunt Morgan waliwachunguza nzi wa matunda ambao mbawa zao zilikuwa na mapengo pembeni, na jeni iliyohusika ikapewa jina la kasoro hiyo. Ndiyo desturi ya wanabaiolojia, kitu hupewa jina la hasara inayotokea kikiharibika. Sisi wenye wajomba wanaoitwa Shida na Mashaka hatuna la kushangaa.

Mimi naisoma Notch kwenye kongosho. Kongosho la mtu mzima lina urefu wa sentimita kama 15, limelala nyuma ya tumbo, na karibu lote kazi yake ni kutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Zile seli za insulini ambazo kila mtu amezisikia kwa sababu ya kisukari zimo katika visiwa vidogo vilivyotapakaa humo ndani, na visiwa vyote kwa pamoja ni asilimia moja au mbili tu ya kiungo kizima. Lakini katika mimba changa tofauti hizo hazipo bado. Kuna seli tangulizi, zinafanana, na kila moja inaweza kuwa hiki au kile.

Notch hukaa kwenye utando wa seli, sehemu yake nje na sehemu ndani. Jirani naye ana protini nyingine kwenye utando wake, Delta. Ujumbe huu hausafiri kwa damu kama homoni; lazima seli mbili zigusane, bega kwa bega. Delta ikiishika Notch na kuivuta, vimeng'enya huikata, na kile kipande cha ndani huachiwa, kikaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa. Mojawapo ni Hes1, na kazi ya Hes1 ni kuizima jeni nyingine, Neurog3, ambayo ndiyo ufunguo wa seli kuwa ya insulini au ya homoni nyingine za kongosho. Sasa angalia mzunguko wake. Seli ambayo Neurog3 yake imepanda ndiyo inayotoa Delta. Yaani aliyekwisha kushika njia ndiye anayemwambia jirani, wewe bado.

Na wote wawili walianza sawa. Hili vitabu hulipitia haraka, mimi sijaweza kulipita. Hakuna aliyekuwa bora. Tofauti ilikuwa ndogo mno, ya kubahatisha, molekuli chache zaidi upande huu kuliko ule, halafu mzunguko ukaikuza mpaka mmoja akawa kitu na mwingine akabaki hapo alipo. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilimfikiria dada yangu.

Mimi na dada tulianza darasa la kwanza siku moja, Ulyankulu, ingawa ananizidi mwaka mmoja na nusu. Baba alimchelewesha makusudi ili tutembee pamoja njiani, kwa hiyo ukihesabu vizuri, hata huko alikuwa amekwisha kusubiri mara moja. Mwaka 2012 tulifaulu wote mtihani wa darasa la saba na wote tukachaguliwa. Alama zetu zilitofautiana kidogo, na sitasema za nani zilikuwa juu kwa sababu hazikuamua chochote. Ada ya sekondari ya kutwa ya serikali wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Hiyo ingepatikana. Kilichotushinda ni michango, sare, madaftari na kodi ya geto karibu na shule, vyote mara mbili, katika mwaka ambao tumbaku yetu ilipangiwa madaraja ya chini na deni la pembejeo likabaki palepale.

Kilichoamua ni kifua changu. Nina pumu. Nisingeweza kukesha kwenye bani nikichochea kuni wakati majani yanakauka, na dada aliweza. Mtoto asiyefaa kwenye moshi ndiye aliyepelekwa shule. Molekuli chache zaidi upande huu kuliko ule.

Bibi alikuwa na sababu yake nyingine ya kutaka aende mmoja. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, baba akiwa mgongoni, na mwisho wa safari akaletwa Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa mwaka uleule kwa ajili ya watu kama yeye, katika miombo ya Tabora. Mwaka huo nchini kwao Wahutu waliuawa kwa wingi, na waliosoma ndio waliotafutwa kwanza: walimu, watumishi wa serikali, hata wanafunzi wa sekondari. Kaka zake wawili walikuwa wanafunzi. Tangu hapo, kwa bibi, shule ilikuwa mahali pa kupeleka mtoto mmoja, uombe arudi, ndipo umpeleke wa pili. "Hatuwapeleki wote," alisema, na baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Dada akaambiwa asubiri kwanza.

Baiolojia, ukiitazama juu juu, iko upande wa bibi. Mwaka 1999 kundi la Helena Edlund huko Umeå, Sweden, lilichapisha utafiti juu ya panya ambao mawasiliano haya ya Delta na Notch yalikuwa yamekatwa. Mwaka uliofuata yakaja matokeo ya panya wasio na Hes1. Ungedhani panya hao walipata neema, kwa kuwa hakukuwa tena na wa kuwazuia: kila seli iliyotaka kuwa ya homoni ikawa. Kweli zilikuwa, tena mapema mno. Lakini seli ikishakuwa ya homoni karibu inaacha kugawanyika. Zilipotangulia nyingi kwa pamoja, hazikubaki za kutosha za kuongeza idadi, na kongosho likaishia dogo, limedumaa. Kiinitete cha nzi kisicho na Notch ni kibaya zaidi: kinajaa seli za fahamu na karibu hakina ngozi, kinakufa kabla ya kuanguliwa. Kwa hiyo seli inayosubiri haipotezi muda. Inazidisha, inatunza akiba, na kiungo kizima kinategemea subira yake.

Ningeweza kuishia hapo na kuna watu wangefurahi. Ningekuwa nimepata hadithi nzuri ya kumsimulia dada, kwamba hata maumbile yalitaka hivi. Lakini familia yangu ilikimbia nchi ambamo kimo cha mtu na umbo la pua yake vilikuwa vimegeuzwa hoja ya nani atawale na nani atawaliwe. Mtu akianza kuniambia "ndivyo maumbile yalivyo" kuhusu watu, mimi natazama mlango uko wapi.

Tena ulinganisho wenyewe una tundu. Seli iliyotangulia na iliyosubiri ziko ndani ya mwili mmoja. Kwenye kongosho, damu nyingi inayotoka visiwani, ikiwa imejaa insulini, huwapitia kwanza majirani wa karibu kabla ya kwenda kwingine. Hakuna anayeamua kugawa. Mishipa imekwisha kupangwa hivyo. Mshahara wangu, siku nitakapoupata, hautampitia dada kwanza mpaka mimi niamue, na kila mwezi nitaweza kuamua vingine. Subira inayomfaa kila mtu ndani ya mwili mmoja inaweza kuwa wizi wa taratibu kati ya miili miwili.

Mwalimu Nyerere alilitazama jambo hili mwaka 1964, alipouwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akikila chakula hicho asirudi, huyo ni msaliti. Ni mfano mzito na kwa miaka mingi ulinitosha. Siku hizi naona sehemu mbili ambapo haunifikii. Kwanza, hausemi kama kuna mtu mwingine pale kijijini aliyetaka kusafiri yeye. Pili, chakula kinaweza kurudishwa, hata kwa ziada. Dada hakunipa chakula. Alinipa miaka yake ya kati ya kumi na nne na ishirini, na hiyo hairudi kwa M-Pesa.

Nilimsimulia mfano huo kwa simu. Alicheka. "Na hao wa kijijini," akaniuliza, "walikuwa wamekaa tu wanamsubiri?" Halafu akasema, bila hasira, "Mimi sikukusubiri, mdogo wangu. Nililima."

Sikuwa na jibu. Leo dada ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, anasoma karatasi ya mauzo kwa kasi kuliko mimi ninavyosoma makala ya kisayansi, na wanaume waliomzidi umri humpelekea makato yao awapigie hesabu upya. Ukirudi kwenye kongosho, yeye ndiye mwenye haki kuniuliza kwa nini kila mara naanza na seli za insulini. Nyingi ya zile zilizoambiwa "si wewe" hazikuwa hewa. Zilikuja kuwa zile asilimia tisini na kitu zinazosaga chakula, na bila hizo mtu anaweza kula akashiba na bado mwili ukakonda kwa njaa. Kumwita mtu "aliyebaki" ni kumpima kwa safari ya mwingine. Huruma yangu kwake ilikuwa na majivuno ndani yake, na yeye aliyaona.

Hata hivyo hakusema kwamba hakutaka kwenda. Alisema alilima. Haya ni mambo mawili, na nisingependa ushujaa wa la pili utumike kufuta la kwanza, kama tunavyofanya mara nyingi tunapowasifu wanawake wa vijijini kwa kuvumilia.

Kwa hiyo nimerudi kwenye protini, safari hii kwa swali jembamba zaidi. Siulizi tena kama ni halali kumwambia mtu asubiri. Nauliza, mpaka lini?

Kwenye kongosho changa jibu lipo, na ni la kimwili kabisa. Seli ambayo Neurog3 yake imepanda haikai pale ilipoanzia. Inachomoka kutoka safu ya seli tangulizi na kwenda kujiunga na wenzake watakaounda kisiwa. Ikishaondoka, mguso umekatika. Delta yake haimshiki tena jirani. Jirani yuko huru kujaribu bahati yake, au kumsikiliza jirani mwingine. Ule ujumbe wa kusubiri ulikuwa na mwisho ndani yake. Anayetangulia, kwa kule kuondoka kwake tu, analifuta neno alilosema.

Njia ya misafara iliyopita Tabora, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, ilikuwa na kitu cha namna hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na kirangozi aliyetembea mbele ya wote, na mpagazi aliyempita njiani alitozwa faini. Wewe bado, nyuma yangu. Lakini ilikuwa sheria ya njiani. Mizigo ikitua kambini, imekwisha.

Ugonjwa huanza pale ujumbe unapopoteza wakati wake. Katika kongosho la mtu mzima Notch huwa kimya kwa sehemu kubwa. Mwaka 2003 kundi la Steven Leach, Johns Hopkins, Marekani, lilionyesha kwamba katika saratani ya kongosho inaamka tena: seli iliyokwisha kuijua kazi yake inarudishwa kwenye hali ya kutokuwa kitu maalumu, na humo saratani hupata pa kuanzia. (Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Kuna panya ambao Notch iliisaidia saratani na kuna ambao iliizuia, kwa kutegemea ni Notch ipi na ni hatua gani.) Ukisema basi tuizime, imekwisha kujaribiwa, ingawa kwa sababu nyingine. Kimeng'enya kinachoikata Notch kinahusika pia na ugonjwa wa Alzheimer, na dawa ya kukizuia, semagacestat, ilipewa wagonjwa kwa matumaini makubwa. Agosti 2010 kampuni ya Eli Lilly ikasimamisha majaribio. Waliotumia dawa walidhoofika akili kuliko waliopewa dawa bandia, na saratani ya ngozi ilionekana zaidi kwao. Maelezo yanayokubaliwa na wengi kuhusu ngozi ni kwamba Notch ilizimwa mwili mzima, wakati ngozi ya mtu mzima bado inaihitaji.

Oktoba 2014 kundi la Douglas Melton, Harvard, likachapisha njia ya kutengeneza seli za insulini kwa wingi kutoka kwenye seli shina za binadamu. Ndani ya wiki nyingi za kazi hiyo kuna siku chache ambazo dawa ya jamii ileile ya semagacestat huongezwa kwenye chupa, kisha huondolewa. Kwa siku hizo chache mtafiti anaziambia seli, sasa basi, msisubiri tena. Kilichogeuza sumu kuwa msaada ni tarehe.

Nakumbuka mwezi huo kwa sababu nyingine. Oktoba hiyohiyo ya 2014 serikali ya Tanzania ilianza kuwapa vyeti vya uraia wakimbizi wa 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kwa miaka arobaini na miwili walikuwa wameishi chini ya neno moja. Mwaka 1972 neno "mkimbizi" lilikuwa ngao: lilimpa bibi shamba, lilimpa usingizi. Baba alikua nalo, akaoa nalo, akatuzaa nalo. Kufikia mwaka 2010, familia zikiwa zimekwisha kuomba uraia na kuambiwa zimekubaliwa, zikaambiwa pia zihame makazi ziende mikoa mingine ndipo zipewe vyeti. Mpango wa kuhama nao ukakwama. Subirini. Baba aliacha kuezeka bati kwa sababu hakuna anayeezeka nyumba ya kuhama. Miembe hatukupanda. Ulipofika mwaka 2012, wakati wa kuamua kati yangu na dada, hakuna mtu mzima nyumbani aliyejua kama mwaka unaofuata tungekuwa Ulyankulu au wapi. Ni rahisi sana kumwambia mtoto asubiri ukiwa wewe mwenyewe umesubirishwa tangu una miaka miwili.

Sisi tukawa raia siku moja, wote. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na miaka michache baadaye uraia huo ndio ulionipa mkopo wa chuo kikuu. Bibi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Yeye ndiye aliyesema "subiri kwanza", na hakuwepo kulifuta. Ada ya sekondari ya kutwa ikaondolewa mwaka 2016, dada akiwa na miaka kumi na minane; hakuna aliyekumbuka kwamba neno lile bado linafanya kazi ndani ya nyumba. Hapa ndipo deni langu ninapoliona, na si mahali nilipokuwa nikilitafuta. Kutangulia kwangu hakukuwa dhambi. Lakini aliyeondoka ni mimi, na kwenye kongosho anayeondoka ndiye anayefungua. Ada ya watoto wake nitalipa, hilo ni la Nyerere. Hili jingine ni la kusemwa kwa mdomo, kwake, kwamba kusubiri kumekwisha, kisha kumwachia aamue anachotaka kufanya na uhuru huo, hata kama ni kulima.

Nilimwambia mwezi uliopita. Nilikuwa nimejiandaa: kuna mtihani wa maarifa wa Baraza la Mitihani, ule tunaouita QT, kwa watu ambao hawakupita kidato cha kwanza na cha pili, ukifaulu unaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilimtajia masomo, na kwamba vitabu nitamtumia mimi.

Alinyamaza kidogo. Kwa nyuma nilisikia mtu akimwuliza habari za mizani.

"Unafanyika lini?"

Nikamwambia, mwishoni mwa mwaka, pamoja na wa kidato cha nne. Novemba.

"Novemba tunahamisha miche," akasema. "Hakuna wa Mei? Mei soko linakuwa limefunguliwa, naweza kupata nafasi."

Nimetafuta. Wa Mei haupo.